Makala ya utafiti: anza na namba, maelezo ya mwandishi yaache mwisho

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, na sasa nasoma shahada huku nikiendelea na kazi. Kila wiki mmoja wetu hupewa makala ya utafiti aiwasilishe mbele ya darasa. Nikipewa huisoma kuanzia juu hadi chini, napigia mstari karibu kila sentensi, lakini nikimaliza siwezi kueleza nimesoma nini. Takwimu ndizo naziruka kabisa. Wiki ijayo zamu ni yangu, na nimepewa ile ya FEAST, ya watoto na dripu. Nianzie wapi? Na nitajuaje kama yaliyoandikwa ni ya kuaminika?

Jibu: Marahaba, dada. Umepewa makala nzuri sana ya kujifunzia, tena inagusa kazi unayoifanya kila siku, kwa hiyo nitakujibu nikiwa nayo mezani. Kwanza nikutoe hofu. Kinachokukwamisha si Kiingereza, wala si uwezo wako. Unaisoma makala kwa mpangilio iliochapwa, na mpangilio huo unamfaa zaidi aliyeiandika. Mwanzoni anakushawishi kwamba swali lake ni zito, mwishoni anakuambia majibu yake yana maana gani. Alichokiona hasa kiko katikati, kwenye majedwali, na hapo ndipo wewe unaporuka.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: nenda kwenye namba mapema, zipigie hesabu kwa mkono wako, andika unachodhani zinasema, ndipo umsikilize mwandishi. Ukizoea hivyo, makala yoyote itakuwa kitu unachoweza kubishana nacho.

Anza na kichwa na ikisiri, yaani ule muhtasari wa mwanzo. Ikisiri isome mara moja tu, bila kalamu. Unatafuta jambo moja: watu hawa waliuliza nini? Kama hulioni swali vizuri, nenda aya ya mwisho ya utangulizi. Hapo ndipo waandishi wengi huliweka wazi. Utangulizi wenyewe unaweza kuuacha kwa sasa.

Swali la FEAST lilikuwa hivi. Mtoto mwenye homa kali analetwa hospitali akiwa amelegea au anapumua kwa shida, mikono na miguu ya baridi, mapigo dhaifu. Miongozo ya siku zile ilielekeza mtoto aliye kwenye shoki, yaani damu haizunguki mwilini vya kutosha, apewe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Wewe mwenyewe unajua, dripu inafunguliwa ikimbie. Je, kufanya hivyo kunaokoa watoto katika hospitali zetu, zisizo na vyumba vya uangalizi mahututi? Watafiti wakiongozwa na Kathryn Maitland, anayefanya kazi Kilifi nchini Kenya, waliamua kupima jambo ambalo karibu kila mtu aliliona limeshamalizika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine.

Ukishalipata swali, ruka hadi sehemu ya mbinu. Najua ndiyo inayochosha kuliko zote, lakini kwangu hii ndiyo sehemu inayoamua kama makala inastahili muda wako. Chukua karatasi, jibu kwa maneno yako: ni nani waliingizwa, nani waliachwa, walifanyiwa nini, walilinganishwa na nani, kilichopimwa ni nini na kilipimwa lini. Ukishindwa kujibu mojawapo baada ya kusoma vizuri, usijilaumu haraka. Mara nyingine mwandishi hakusema, na hiyo tayari ni hoja ya kuipeleka darasani.

Katika FEAST majibu yote yamo. Watoto walikuwa wa umri wa siku 60 hadi miaka 12, wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Walitoka hospitali sita: Kilifi kwa Kenya, Teule ya Muheza kwa Tanzania, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa albumini (maji yenye protini ya damu) kwa haraka, la pili maji ya chumvi kwa haraka, na la tatu halikupewa maji ya haraka. Hilo la tatu usilielewe vibaya, maana darasani lazima kuna atakayeshtuka. Watoto wale hawakutelekezwa. Walipata dripu ya kawaida ya polepole, antibiotiki, dawa za malaria, oksijeni na damu pale ilipohitajika, kama wenzao. Kilichotofautiana ni yale maji ya haraka tu. Kipimo kikuu kilikuwa vifo ndani ya saa 48, na kilitangazwa kabla ya utafiti kuanza.

Tulia kidogo kwenye huo mgawanyo wa bahati nasibu, maana hapo pana ufunguo wa tafiti nyingi utakazokutana nazo. Chukulia mtu angeingia wodini kwako, akafungua mafaili ya mwaka mzima, akalinganisha watoto waliopewa maji mengi na wasiopewa. Angekuta waliopewa walikufa zaidi. Lakini ninyi wauguzi na madaktari mnampa nani maji ya haraka? Yule aliye hoi zaidi. Basi vifo vile vingeweza kuwa vya ugonjwa wenyewe, na mafaili hayana namna rahisi ya kutenganisha mambo hayo mawili. Kura inatenganisha, kwa sababu haimwangalii mtoto usoni. Kwa hiyo ukisoma utafiti usio na kura, ambapo watafiti wameangalia tu kilichotokea, uwe mgumu kukubali kwamba jambo moja ndilo lililosababisha jingine. Kuambatana kwa mambo mawili ni jambo la kawaida sana duniani.

Utaona pia kwamba waliotibu walijua mtoto yupi yuko kundi gani. Hiyo kwa kawaida ni kasoro, kwani anayejua anaweza kupima kwa upendeleo bila kukusudia. Jiulize basi kasoro hiyo inagusa kipimo gani. Kama kingekuwa maumivu, au hali ya mtoto kwa makadirio ya muuguzi, ningekuwa na wasiwasi mkubwa. Hapa kipimo kikuu ni kifo. Kifo hakihesabiwi kwa makadirio.

Sasa majedwali. La kwanza karibu kila mara linaeleza hali ya washiriki siku walipoingia. Lisome kwa nia mbili. Kwanza, makundi yanafanana? Pili, hawa wanafanana na wagonjwa wangu? Katika FEAST nusu ya watoto walikuwa na umri wa miezi 24 au chini yake, asilimia 57 walikuwa na malaria, na karibu theluthi moja walikuwa na damu pungufu sana, himoglobini chini ya gramu 5 kwa desilita. Kama wodi yako iko ukanda wa malaria, unawajua watoto hawa. Aliye hospitali ya Ulaya hawajui, na ana haki ya kuuliza kama matokeo haya yanamhusu.

Kisha tafuta jedwali lenye matokeo makuu. Funika maelezo yaliyo pembeni, toa simu, fungua kikokotoo. Namba ni hizi: kundi la albumini walikufa 111 kati ya 1,050, kundi la maji ya chumvi 110 kati ya 1,047, kundi lisilo na maji ya haraka 76 kati ya 1,044. Gawanya mwenyewe. Utapata asilimia 10.6, 10.5 na 7.3. Usiseme mbona zimeshaandikwa. Mkono ukishagawanya 76 kwa 1,044, ile asilimia 7.3 inakaa kichwani na unajua imetoka wapi. Nimeona wanafunzi waliokuwa wakiogopa takwimu wakibadilika kwa zoezi hili dogo kuliko kwa kozi nzima.

Endelea. Unganisha makundi mawili yaliyopewa maji ya haraka: vifo 221 kati ya watoto 2,097, yaani asilimia 10.5. Gawanya kiwango hicho kwa kile cha kundi la tatu, utapata takriban 1.45. Ndiyo ile namba utakayoikuta ndani ya makala, uwiano wa hatari. Maana yake ni kwamba waliopewa maji ya haraka walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 45.

Hapa msomaji mgeni huteleza, na magazeti huteleza zaidi. Asilimia 45 inasikika kama karibu nusu ya watoto waliuawa na dripu. Sivyo. Toa badala ya kugawanya: 10.5 kutoa 7.3 ni kama 3. Kwa kila watoto 100, wangekufa saba bila maji ya haraka, na kumi au kumi na mmoja wakipewa. Ni watoto watatu zaidi katika kila mia. Namba zote mbili ni za kweli, ila ya pili ndiyo unayoweza kuisema mbele ya wauguzi wenzako ukaeleweka, nayo inatosha kumnyima mtu usingizi. Makala ikikupa uwiano peke yake bila viwango vyenyewe, rudi kwenye jedwali uvitafute. Dawa inayopunguza hatari kwa nusu inaweza kuwa imeipunguza kutoka watu wawili katika elfu kumi hadi mmoja.

Kando ya 1.45 kuna mabano: 1.13 hadi 1.86. Hizo ni mipaka ya uhakika ya asilimia 95. Utafiti ulichukua watoto hawa, ungeweza kuchukua wengine wa aina hiyohiyo na kupata namba tofauti kidogo. Mipaka inakuonyesha ukweli unaweza kuwa kati ya wapi na wapi kulingana na data iliyopo. Kwa uwiano, namba ya kuitazama ni 1, kwa kuwa 1 maana yake hakuna tofauti. Hapa mpaka wa chini ni 1.13. Hata kwenye ncha yake ya upole kabisa, maji ya haraka bado yanaonekana kudhuru.

Thamani ya p utaikuta nayo, 0.003. Isome hivi: kama kweli maji ya haraka hayana athari yoyote, tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi ingejitokeza kwa bahati tu kama mara tatu katika majaribio elfu. Haikuambii kwamba kuna uwezekano wa asilimia 99.7 kuwa watafiti wako sahihi, ingawa utasikia hata walimu wakisema hivyo. Tena haisemi chochote kuhusu ukubwa wa madhara. Binafsi huitazama p mwisho, baada ya viwango na mipaka.

Kuna sehemu ndogo ya makala hii ambayo ningependa uikazie macho, kwa sababu inafundisha zaidi ya jedwali kuu. Wapinzani walisema watoto wengi wa FEAST hawakuwa kwenye shoki halisi kwa vigezo vikali vya Shirika la Afya Duniani (WHO), vinavyotaka dalili zote kwa pamoja. Ni kweli. Waliotimiza vigezo hivyo walikuwa 65 tu. Kati yao, 50 walipewa maji ya haraka na wakafa 24. 15 hawakupewa na wakafa watatu. Piga hesabu: asilimia 48 dhidi ya 20, uwiano 2.4. Namba ya kutisha! Lakini tazama mipaka yake: 0.84 hadi 6.88. Imevuka 1, na ni mipana mno. Inaruhusu kwamba maji yanapunguza hatari kidogo, na inaruhusu kwamba yanaizidisha karibu mara saba. Watoto 15 ni wachache, kifo kimoja zaidi au pungufu kinaibadilisha picha nzima.

Sasa msomaji wa haraka atasema "hakuna tofauti kwa watoto wenye shoki kali". Hilo jedwali halikusema. Linasema idadi haitoshi kuamua. Kati ya "tumeangalia vizuri hakuna tofauti" na "hatuna watoto wa kutosha kujua" pana umbali mkubwa, na ni mipaka inayokuonyesha uko upande gani. Ukiweza kueleza hili darasani, utakuwa umewafundisha wenzako kitu cha kudumu.

Kabla hujafungua sehemu ya mjadala ndani ya makala, andika sentensi zako mbili tatu za hitimisho. Ndipo umsome mwandishi. Linganisha. Je, amesema zaidi ya jedwali lake? Aya ya udhaifu wa utafiti isome kwa uangalifu. Mwandishi mwaminifu hutaja mambo ambayo ungeyataja wewe. Angalia na ukali wa vitenzi vyake. Anayeandika kwamba matokeo "yanaashiria" hajasema "yanathibitisha", na wewe ukimnukuu usimpandishe cheo.

Hapo sasa tufike kwenye swali lako la kuaminika. Jarida lenye jina kubwa ni ishara nzuri ila si dhamana. Mei 2020 The Lancet lilichapisha utafiti wa dawa ya hydroxychloroquine uliodaiwa kuwa na wagonjwa wa korona zaidi ya 96,000 kutoka hospitali 671 duniani. Baada ya wiki mbili hivi ulifutwa, kwa kuwa waandishi wenyewe walishindwa kupata data ghafi ili ikaguliwe. Miongoni mwa yaliyowashtua wasomaji ni wingi na undani wa rekodi zilizodaiwa kutoka hospitali za Afrika. Aliyewahi kufanya kazi kwenye hospitali zetu na kuona mafaili yetu yalivyo alikuwa na kila sababu ya kuuliza. Ujuzi wako wa wodini ni kipimo halali, utumie.

Kwa FEAST mimi huangalia mambo haya. Utafiti ulisajiliwa hadharani, kwa hiyo huwezi kuwashuku kwamba walibadilisha kipimo baada ya kuona majibu. Fedha zilitoka baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, na maji pamoja na albumini vilitolewa na kampuni ya Baxter, inayotengeneza bidhaa hizo. Matokeo yakaja kinyume na maslahi ya muuzaji yeyote wa dripu. Kisha, kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama ilishauri usitishwe Januari 2011. Hapa uwe makini, kwani jaribio linalokatishwa mapema linaweza kuonyesha tofauti kubwa kuliko ilivyo. Lakini lilikuwa limeshaandikisha watoto 3,141 kati ya 3,600 waliokusudiwa, kwa hiyo hofu hiyo ni ndogo. Madhara pia yalionekana kwa mwelekeo uleule katika vituo vyote, na kwa wenye malaria na wasio nayo. Wiki ya nne bado tofauti ilikuwepo: vifo takriban asilimia 12 kwa waliopewa maji ya haraka, na 8.7 kwa wasiopewa.

Makala moja pia haisimami peke yake. Tafuta barua za wasomaji zilizofuata na tafiti zilizoinukuu. Wengi walidhani watoto walikufa kwa maji kujaa kwenye mapafu au ubongo kuvimba. Mwaka 2013 timu hiyohiyo ilichapisha katika jarida la BMC Medicine uchambuzi wa dalili za mwisho za watoto waliofariki, ikaonyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kushindwa kazi. Mwaka 2016 WHO ilibadilisha mwongozo wake: mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mzunguko hafifu asipewe maji ya haraka, na hata aliye kwenye shoki kamili apewe kwa kiasi na taratibu zaidi.

Ukikosa makala usilipe haraka. Uliza maktaba ya chuo kama kimesajiliwa HINARI, mpango wa WHO ulioanza 2002 unaofungulia taasisi za nchi kama zetu majarida mengi bure au kwa bei nafuu. Tafuta na kwenye PubMed Central, hifadhi ya mtandaoni ya makala za bure. Ikishindikana, mwandikie mwandishi kwa barua pepe iliyo ukurasa wa kwanza. Wengi hufurahi kutuma nakala.

Kuhusu Kiingereza, acha kutafsiri kila sentensi. Maneno magumu ya fani yako mengi unayajua kutoka wodini. Yanayobaki ni ya takwimu, na yanajirudia makala hadi makala. Yaandike kwenye daftari moja kila unapokutana nayo, pamoja na mfano wa namba halisi. Na hakuna sheria inayokukataza kuandika hitimisho lako kwa Kiswahili kwanza.

Siku ya kuwasilisha, usianze na historia ya dripu. Andika ubaoni zile namba sita, vifo na idadi ya watoto kwa kila kundi, bila kutaja kundi lipi ni lipi. Waambie wapige asilimia, kisha wakuambie wangependa mtoto wao awe kundi gani. Ndipo uyataje makundi. Baada ya hapo mjadala utajiendesha wenyewe.

Jambo moja ulilinde kwa nguvu zote, maana hapa kosa la kusoma linaweza kuwa kifo cha mtoto. FEAST haikuwaingiza watoto wenye kuhara na kutapika, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua au kujeruhiwa. Mtoto wa kipindupindu aliyekauka maji, macho yamezama, ngozi ukiivuta hairudi, huyo anahitaji maji na anayahitaji sasa hivi, na makala hii haina neno lolote la kukuzuia. Mtu akiinuka darasani kusema "basi tuache kuwapa watoto dripu", msomee sehemu ya mbinu, pale palipotajwa wasioingizwa, halafu muulize mtoto anayemfikiria yeye angekuwa upande gani wa orodha hiyo.